Pembetatu ya Chuma

Yadini
Jumatatu, 3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Wiki nzima napiga simu yako naambiwa haipatikani, nikipiga ya shemeji inaita mpaka inajichokea. Nimeamua kurudia njia yetu ya zamani, barua mkononi mwa dereva wa lori la maziwa. Ameniahidi ataikabidhi kwako mwenyewe, si kuiacha juu ya kopo kama ile nyingine iliyoliwa na ndama.

Habari yenyewe ni kwamba yadi inafungwa mwisho wa mwezi huu. Tajiri amezeeka, watoto wake hawataki grisi kwenye kucha, basi. Sisi mafundi tumeambiwa kiinua mgongo chetu kiko pale uani: kila mmoja achague vifaa viwili vya kufunga kwenye trekta, aviandike jina lake kwa chaki, na lori litavifikisha anapotaka. Viwili, si vitatu, na ukishaandika hakuna kufuta. Mimi trekta sina, ng'ombe sina, hata kuku sina. Kwa hiyo viwili vyangu ni vyenu.

Nimezunguka ua mzima nikiwa nawawaza nyinyi. Kuna mashine ya kukata majani, pana kuliko hiyo yenu inayotafuna badala ya kukata. Kuna kisambaza samadi, sakafu yake imeoza pembeni lakini inazibika. Kuna mkuki wa kubebea marobota ya nyasi, na keekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo. Kijiko cha mbele kipo pia, ila ukimfunga Babu kijiko kile atapiga magoti. Trekta la umri wake linataka heshima.

Mimi ningechukua mashine ya majani na kisambaza samadi. Ni vizito, sikatai. Lakini wewe ukiwa kwenye usukani unarudi nyuma taratibu, na shemeji amesimama nyuma na pini mkononi, mnafunga chai haijapoa. Kwa kazi hiyo nawajua nyinyi wawili.

Jambo la pili nimeliweka mwisho makusudi. Nimepata nafasi chuo cha ufundi, upande wa haidroliki. Miaka miwili, tunaanza katikati ya Julai. Sitaki kulia mbele ya dereva wa lori, kwa hiyo naishia hapo.

Mwambie shemeji kwamba tangu mwezi wa tatu sijaona ule mstari wake wa chini ya barua zako. "Ng'ombe wanakuulizia, mvivu wewe." Wameacha kuniulizia?

Mdogo wako


Shambani
Alhamisi, 6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Dawa ulizotuma zimefika salama. Mume wangu yuko vile vile. Mkono wa kulia haujarudi, na mguu anauburuta kwa fimbo mpaka kwenye kiti cha barazani. Hapo anakaa akiwaangalia ng'ombe kama mtu anayesubiri kuitwa. Maneno yanatoka, ila yanatoka yamechoka, na akikasirika hayatoki kabisa. Daktari anasema kiharusi kina subira yake, na sisi tuwe na yetu. Yangu iko karibu kuisha. Nakuambia wewe kwa sababu huwezi kunifariji hapo hapo.

Tumebaki mimi na Babu, lile trekta letu. Kukamua naweza. Kusafisha zizi naweza. Kinachonimaliza ni kufunga vifaa. Narudisha trekta nyuma, nashuka, naangalia: ile mikono miwili ya nyuma ya trekta inayoinua vifaa, wa kushoto umefika mahali pake, wa kulia umepungukiwa upana wa kiganja. Napanda, nasogeza, nashuka: sasa wa kulia umefika, wa kushoto umepitiliza. Nachukua mtaimbo naisukuma mashine ya majani kama nasukuma nyumba. Jirani hunisaidia akipata nafasi, lakini naye ana ng'ombe wake, na nikimsubiri mpaka aje asubuhi yote imekwisha.

Mdogo wangu ameandika. Amepata chuo. Anataka kutupa vifaa vya trekta, na anataka nichague. Shangazi, nakuomba, usimwambie neno kuhusu shemeji yake. Unakumbuka baba alipougua, yeye aliacha shule akarudi kukamua na hakuna aliyemwomba. Alifika tu na sanduku lake akauliza ndoo iko wapi. Akisikia hili atarudi tena, na nafasi kama hii haitamsubiri. Simu yangu nimeizima, ya mume wangu naiacha iite. Kwenye simu sauti yangu ingeniumbua. Kwenye barua napata muda wa kupanga uso.

Mume wangu naye hataki. Alinishika kwa mkono wake mzima akasema neno moja, "asijue".

Binti wa kaka yako


Shambani
Ijumaa, 7 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sehemu ya chuo nimeisoma mara nyingi kuliko sehemu ya trekta. Hongera sana. Baba angekuwepo angezunguka kwa majirani wote akijifanya anatafuta shoka lake, ili tu wamuulize habari za watoto.

Simu yangu iliingia kwenye ndoo ya maziwa, usijisumbue kupiga.

Kuhusu vifaa nina maswali. Hiyo mashine ya majani ina uzito gani? Mtu anaweza kuisogeza kidogo kwa mtaimbo? Na mkuki je? Katika hivyo vyote, kipo ambacho mtu mmoja anaweza kukifunga mwenyewe? Nauliza tu. Shemeji yako siku hizi ana shughuli nyingi upande wa malisho, na sipendi kumwita kila wakati. Samadi tunaitoa kwa toroli, tumezoea.

Ng'ombe wetu Kidomo amezaa ndama jike. Amezaa mchana kweupe, bila kumsumbua mtu, Mungu ambariki.

Shemeji yako anakusalimu sana na anakutakia kila la heri katika masomo yako.

Dada yako


Yadini
Jumatano, 12 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha, halafu nimeisoma tena na kicheko kikaisha. "Anakutakia kila la heri katika masomo yako." Tangu lini? Huyu ni mtu ambaye siku ya posa yako aliniangalia juu mpaka chini akauliza kama mimi ni shemeji yake au ni nguzo ya uzio. Kila la heri ni maneno ya kwenye kadi. Kama amenikasirikia kwa kuondoka shambani, aseme. Mimi nilijua amenipa baraka zake.

Haya, maswali yako. Mashine ya majani haisogezwi kwa mtaimbo, labda umwite na Kidomo asukume. Mkuki ni mwepesi zaidi, lakini nao unataka mtu wa nyuma. Pini ni tatu, na aliye kwenye usukani hana macho kisogoni. Hapa yadini hakuna anayefunga peke yake. Fundi mmoja alijaribu kabla sijaajiriwa, sasa akisalimia anatoa mkono wa kushoto. Kazi ile ni ya wawili, dada, kama kukunja shuka.

Sasa na mimi nakuuliza. Kwa nini unataka kujua uzito? Unafunga wewe? Na malisho yana shughuli gani kiasi hicho, si yanajiotea yenyewe?

Wenzangu wameanza kuweka chaki. Nijibu upesi.

Mdogo wako


Shambani
Jumatatu, 17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe mwandiko, kidole kimebanwa na mlango wa stoo. Si kitu.

Chagua unavyoona wewe. Mashine ya majani ni nzuri, kisambaza ni kizuri, vyote ni vizuri. Mimi nimechoka kuchagua. Nimechoka tu, si kwamba nimekuchoka wewe.

Shemeji yako hajakasirika. Yupo.

Usichelewe chuo.

Dada yako


Yadini
Alhamisi, 20 Juni

Shemeji,

Nakuandikia wewe moja kwa moja, maana kupitia kwa dada naletewa salamu za kwenye kadi.

Kama una kinyongo na mimi kwa sababu nimewaachia ng'ombe, nikasirikie mimi. Niandikie, nitukane, unajua jinsi ya kunitukana. Lakini usimwachie dada kazi ya pini. Ananiuliza uzito wa mashine. Ananiuliza kama inasogezwa kwa mtaimbo. Mwanamke ambaye mume wake yuko nyuma ya trekta hana sababu ya kuuliza maswali hayo.

Tena anasema kidole kimebanwa na mlango wa stoo. Shemeji, stoo yenu haina mlango. Ina gunia. Nililitundika mimi. Gunia halijawahi kumbana mtu.

Sijui mmegombana nini, na si kazi yangu kujua. Lakini kama hutaki kushika pini, sema, chuo nitakiacha nije kuishika mwenyewe. Sitakuwa na raha huko darasani nikijua dada yangu anakatwa vidole na wewe uko "malishoni".

Nimeandika kwa uchungu, ila sifuti.

Shemeji yako


Shambani
Jumatatu, 24 Juni

Mvivu,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Soma polepole, na mimi naandika polepole.

Mkono wa kulia ulikufa mwezi wa nne, mguu ukaufuata. Kiharusi. Niko kwenye kiti barazani. Hayo ndiyo malisho anayokuambia dada yako.

Mlango wa stoo haupo, ni kweli. Alibanwa kati ya mkono wa trekta na mashine ya majani. Asubuhi ile alikuwa ameshapanda na kushuka mpaka amechoka, akashuka bila kuweka gogo nyuma ya tairi. Babu akateleza. Mimi niliona kabla yake. Nikamwita, sauti haikutoka. Nikasimama, nikaanguka. Alipojitoa alikuja kuninyanyua mimi kwanza, ndipo akakifunga kidole.

Umesema nimemwachia pini. Nimemwachia kweli, ila si kwa hasira. Barua yako haikuniudhi. Tangu mwezi wa nne watu wananisemesha kama mtoto mchanga. Ilikuwa vizuri kufokewa kama mtu mzima.

Sasa sikiliza. Mashine ya majani usilete. Kisambaza usilete. Lete kitu ambacho dada yako atafunga akiwa amekaa kwenye kiti cha trekta. Najua umesema hakipo. Fundi ni wewe, tafuta.

Usije. Ukija na lile sanduku kama ulivyokuja kwa baba yenu, ugonjwa wangu utakuwa umekula watu watatu. Mimi umeshanila. Dada yako namwona unavyomla kila siku, nimekaa naangalia. Wewe sikutoi uliwe.

Usimwambie nimekuandikia. Nampa dereva barua hii wakati dada yako anaosha makopo.

Shemeji


Yadini
Ijumaa, 28 Juni

Dada,

Shikamoo. Lori litafika kesho au keshokutwa, kwa hiyo nakuambia mapema usije ukashtuka. Nilizubaa, mashine ya majani na kisambaza vikawahiwa na wengine. Ndiyo uvivu wangu. Nimeambulia mkuki wa marobota, na pembetatu ya chuma iliyokuwa imelala nyuma ya choo cha yadi, kuku wa mlinzi wanatagia ndani yake. Nilipoiandika jina langu kwa chaki wenzangu walicheka mpaka Tajiri akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Hawakukosea kucheka. Pembetatu haikati, haibebi, haichimbi.

Lakini kwa kuwa imeshakuwa yenu, kazi yake ni hii. Inakaa kwenye mikono ya Babu siku zote, haitoki. Mwenzake, mwenye umbo hilo hilo lakini yuko wazi katikati, anakaa kwenye kifaa. Ukitaka kufunga, unarudi nyuma mpaka pembetatu iingie chini ya mwenzake, unavuta wenzo wa kuinulia, inapanda, inaingia, na ulimi wake unajifunga. Utausikia. Hushuki. Kama umekosea upana wa kiganja si neno, chuma kinajitafutia njia chenyewe kwa sababu juu ni chembamba na chini ni kipana.

Mwenzake wa mkuki nimeshamchomelea. Mwingine nimemtengeneza kwa vyuma chakavu, ni wa ile mashine yenu ya majani ya zamani. Jirani awakazie bolti, mara hiyo moja tu, asisubiriwe tena. Nimeweka na visu vipya, iache kutafuna.

Shafti inayozungusha visu bado ni ya kushuka na kuifunga kwa mkono. Hapo nimeumiza kichwa sikupata dawa. Kabla ya kushuka zima injini, vuta breki, weka gogo. Nimetuma gogo la chuma lenye kamba, lining'inie pembeni ya kiti, ili hata aliyechoka alikute mkononi. Nasema mtu yeyote aliyechoka.

Nilifungasha sanduku nikalifungua. Nikafungasha tena nikaenda mpaka kituoni, nikasimama mbele ya basi la huko kwenu mpaka kondakta akaniuliza kama napanda au nanunua basi. Nikarudi. Naenda chuo, dada. Naomba uniamini kwamba kwenda huku hakukuwa rahisi kuliko kuja.

Mdogo wako


Shambani
Jumapili, 7 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Vitu vimefika. Jirani amekaza bolti akaenda zake, akiniangalia kama mtu aliyetumiwa mlango bila nyumba.

Nilisubiri aondoke ndipo nikajaribu, sikutaka shahidi. Nikarudisha Babu nyuma kuelekea ule mkuki. Nikakosea, kama kawaida yangu, nikawa nimeenda kulia kidogo. Nikavuta wenzo bila matumaini yoyote, mguu mmoja umeshaanza kushuka wenyewe kwa mazoea. Chuma kikajisogeza. Kikapanda, kikaingia, nikasikia ule ulimi. Nikaurudisha mguu juu. Nilikaa pale na injini inaunguruma nikalia, na nilipomaliza kulia nikapeleka robota horini bila kuligusa kwa mkono. Ng'ombe walilikwepa kwanza, wakadhani Babu amekuja kula nao.

Sasa tuzungumze. Dereva alipomaliza kushusha mizigo aliniuliza kwa nini mdogo wangu aliiacha ile mashine nzuri ya majani. Anasema bado imesimama karibu na geti la yadi, haina chaki ya mtu. Nikamwangalia shemeji yako. Shemeji yako akaangalia ng'ombe. Namjua akiangalia ng'ombe kwa namna hiyo. Nikamuuliza mara moja tu, akasema mkono wa kushoto ulijiandikia wenyewe, yeye hakuuambia kitu.

Kwa hiyo unajua. Nilitaka kuwakasirikia wote wawili, nikakaa chini nijiandae kukasirika, nikasinzia pale pale kwenye kiti. Nilipoamka shemeji yako alikuwa amenifunika koti lake. Sijui alilifikishaje, kwa mkono mmoja na fimbo.

Usidhani pembetatu imemaliza kila kitu. Bado nakamua peke yangu, bado namnyanyua kila asubuhi, na kidole kikipigwa na baridi kinauma. Nimechoka, mdogo wangu, sitakudanganya tena. Lakini zamani nilikuwa naamka nikiiogopa siku nzima. Sasa kuna kipande chake kimoja sikiogopi, na leo kimenitosha.

Basi lile umefanya vizuri kuliacha. Siku ile ulipokuja kwa baba na sanduku lako sikukushukuru, nilikuonyesha ndoo tu. Leo nakushukuru kwa mara zote mbili, ya kuja na ya kutokuja.

Nimeacha nafasi hapa chini. Kalamu nimempa mwenyewe, na karatasi naishika mimi isiteleze.

Dada yako


Ng'ombe hawakuulizii, mvivu wewe. Soma.